Sayyid Khalifa na shule ya mafundi ya Tudor

Marehemu baba hakuwahi kulitamka jina la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kwake pale Tudor palikuwa MIOME, basi, mpaka tunamzika. Na kila akiitaja MIOME alilitaja na jina la Sayyid Khalifa, kama mtu anavyotaja msikiti na aliyeujenga. Vijana ninaowafundisha umeme hawamjui huyo Sayyid Khalifa ni nani. Lakini majuzi mmoja wao aliniuliza swali, nikaona siwezi kulijibu vizuri bila kuanzia kwake.

Sayyid Khalifa bin Harub alizaliwa Maskati mwaka 1879. Babu yake, Thuwaini bin Said, alikuwa Sultani wa Oman mpaka alipouawa mwaka 1866, ila mjukuu hakuwa na kiti kilichokuwa kikimngoja. Mwaka 1893, akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, aliletwa Unguja. Huko akaja kumuoa Sayyida Matuka, bintiye Sultani Hamud bin Muhammed. Ndoa hiyo ilimsogeza karibu na kiti. Shemeji yake, Ali bin Hamud, aliyesomeshwa Uingereza, alijiuzulu mwaka 1911 akiwa Ulaya na afya yake imedhoofika, na Waingereza wakamkalisha Khalifa. Alikuwa na miaka 32. Alikaa mpaka alipofariki Oktoba 1960, karibu miaka 49, na katika masultani wa Unguja waliofuata baada ya Sayyid Said hakuna aliyemkaribia kwa muda.

Kutawala kwenyewe kulikuwa kwa jina zaidi kuliko kwa amri. Mshauri Mwingereza ndiye aliyeshika usukani. Vita vya 1914 vilipozuka na khalifa wa Waturuki akatangaza jihadi dhidi ya Waingereza, Sayyid Khalifa aliwatuliza watu wake na akasimama na Waingereza. Wako wanaoiita busara, wako wanaoiita utiifu wa kupita kiasi. Mimi naona mtu aliyekuwa na nafasi ndogo ya kugeukia.

Sisi wa Mombasa tulikuwa raia wake kwa namna ya ajabu. Ukanda wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani, lakini tangu mkataba wa 1895 Waingereza waliuendesha kwa kumlipa kodi kila mwaka. Bendera yake nyekundu ilipepea Ngomeni, na huku pwani palikuwa na liwali, mudiri na kadhi. Si kila mtu wa pwani anaukumbuka usultani kwa mapenzi. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria kabla hajatawala, Unguja 1897 na huku kwetu 1907, lakini mashamba na vyeo havikugawika upya kwa sababu ya sheria hizo. Hilo nalisema ili mtu asidhani naandika qasida.

Sasa nije kwenye Tudor. Baada ya Vita vya Pili, Waislamu wa pwani walikuwa wameachwa nyuma vibaya. Shule nyingi zilikuwa za wamishonari, na wazazi wetu waliogopa kuwapeleka watoto wakarudi na dini nyingine. Matokeo yake yalionekana karakana za reli na bandarini: kazi za kushika spana na kusoma mchoro zilikwenda kwa waliosoma kwingine. Gavana wa Kenya wakati huo, Sir Philip Mitchell, alikuwa mmoja wa walioisukuma fikra ya kujenga chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki nzima. Pesa zilichangwa. Aga Khan alitoa, jamii ya Mabohora wakatoa, serikali ya Uingereza ikatoa, na Sultani wa Unguja akatoa pauni 100,000. Kwa thamani ya wakati ule hiyo ilikuwa mali nyingi mno. Chuo kikaanzishwa mwaka 1948, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanafunzi wakawa madarasani, katika jengo lile lenye matao ambalo bado linavutia macho ya mpita njia.

Ninachotaka kukionyesha ni hiki. Waliochangia walijenga mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kijana aliingia hajui kitu, akatoka fundi. Ngazi ya kupanda kutoka hapo kwenda juu hawakuiweka. Siwalaumu sana. Wakati huo Afrika Mashariki nzima ilikuwa na Makerere tu, na fundi mwenye cheti alikuwa tayari mtu mkubwa mtaani.

Lakini yuko mmoja aliyepita pale akapanda, na habari yake ndiyo inayonisumbua. Ali Mazrui, yule msomi wetu, alimaliza shule akiwa na daraja la tatu, na Makerere wakamkataa. Akaajiriwa MIOME. Siku ya Maulidi akatoa hotuba, na gavana alikuwepo anasikiliza. Kwa hotuba ile akapata ufadhili wa kwenda Uingereza, na alikoanzia ni chuo cha ufundi cha Huddersfield, akamalizie masomo ya sekondari. Kutoka hapo akaingia Manchester, akapata digrii mwaka 1960, mwaka ule ule aliofariki Sayyid Khalifa. Kisha Columbia, kisha Oxford.

(Wazee wa Mji wa Kale watacheka hapa. Mabusaidi ndio waliowanyang'anya Mazrui Mombasa mwaka 1837. Miaka mia na ushei baadaye, mtoto wa Mazrui anapata riziki na bahati yake katika chuo kilichojengwa kwa pesa za Busaidi.)

Kama gavana angekuwa na homa siku ile, pengine Mazrui angebaki karani. Njia yake ilikuwa bahati ya jioni moja.

Yaliyofuata nayapita haraka. Sayyid Khalifa alirithiwa na mwanawe Abdullah, kisha na mjukuu wake Jamshid. Oktoba 1963 ukanda wetu ukatiwa saini kuwa sehemu ya Kenya, na Januari 1964 kiti chenyewe kikaanguka kwa mapinduzi. Chuo kilibaki. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa watu wa dini zote na kubadilishwa jina, jambo ambalo lilipaswa kufanywa mapema zaidi. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 chuo kikuu kamili. Kwa hiyo jengo lenyewe limepanda kutoka ufundi hadi digrii. Hilo si sawa na fundi kupanda.

Mimi nilianza na cheti cha ufundi wa umeme, nikafanya kazi, nikarudi nikachukua diploma. Miaka ya tisini niliomba digrii katika chuo kikuu kimoja, sitakitaja. Waliniambia diploma yangu inatosha kuniingiza, lakini hakuna somo hata moja litakalohesabiwa. Nikakaa mwaka wa kwanza na vijana waliotoka kidato cha nne, tukifundishwa sakiti ambazo nilikuwa nimezifunga kwa mikono yangu. Pia nikafundishwa hesabu ambazo sikuwa nazijua kabisa, na hapo niseme kweli, zilinishinda. Muhula wa pili nikatoka. Nilikuwa na watoto watatu na ada haikungoja.

Sheria imebadilika tangu wakati wangu. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma ya mwaka 2014 imeiweka diploma ngazi ya sita na digrii ngazi ya saba. Kwenye karatasi ni hatua moja tu, na masomo yaliyokwisha kusomwa yanatakiwa yaweze kuhamishwa. Lakini kila chuo kikuu bado kina uamuzi wake juu ya nini kitahesabiwa, na fundi hajui mpaka afike dirishani.

Nikiulizwa, ningeomba mambo machache. Mwenye diploma ya fani ile ile aingie mwaka wa tatu wa digrii ya teknolojia. Kabla ya hapo apewe muhula mmoja wa hesabu tu, kwa sababu pale ndipo tunapoangukia, na kujidanganya hakutusaidii. Na miaka ya kazi ipimwe karakanani, fundi apewe mota iliyokufa na mchoro wake, aonekane anafanya nini. Haya hayahitaji mfadhili wa pauni 100,000. Yanahitaji kikao cha wakuu wa vyuo na wakubwa wa kaunti zetu, na orodha iliyobandikwa ukutani.

Kijana wangu aliyeniuliza ana diploma ya ngazi ya sita na miaka minne ya kazi. Kila siku anafunga bodi za umeme katika majengo ya Nyali. Kazini ameambiwa hatapanda cheo bila digrii. Swali lake lilikuwa kama auze pikipiki yake alipe ada ya mwaka wa kwanza.

Nimemwambia asiuze bado. Jumatatu tunakwenda Tudor, mimi na yeye, na vyeti vyake vyote na daftari la kazi alizofanya. Tutamuuliza msajili, kabla ya kulipa hata shilingi, ni masomo mangapi watayahesabu.