Mikhail Borodin: Mshauri asiye na cheo aliyeiongoza Guangzhou

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokwenda Guangzhou kununua nguo, simu na vipuri huufahamu mji huo kwa masoko yake.

Karne moja iliyopita mji huo, ambao wageni waliuita Canton, ulikuwa makao ya serikali changa ya mapinduzi. Mtu aliyesikilizwa sana ndani ya serikali hiyo hakuwa waziri, hakuwa jenerali, wala hakuwa Mchina.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mikhail Gruzenberg. Alizaliwa mwaka 1884 katika familia ya Kiyahudi, kwenye eneo ambalo leo limo nchini Belarus, akajiunga na wafuasi wa Lenin angali kijana. Baada ya mapinduzi ya 1905 kushindwa alikimbilia Marekani, akafundisha Kiingereza wahamiaji mjini Chicago. Alirejea Urusi mwaka 1918, na Komintern, jumuiya ya kimataifa ya vyama vya kikomunisti, ikamtuma nchi kadhaa. Mwaka 1922 alikamatwa Glasgow na kufungwa miezi sita.

Aliwasili Guangzhou Oktoba 6, 1923, akitumia jina la Borodin. Sun Yat-sen, kiongozi wa chama cha Kuomintang, alikuwa amenyimwa msaada na mataifa ya Magharibi. Majeshi yaliyomlinda yalikuwa ya kukodi, na majenerali wake kutoka Yunnan na Guangxi walijikusanyia kodi wao wenyewe. Sun alimteua mgeni huyo kuwa mshauri wa kukiunda upya chama. Uteuzi huo haukumpa kura, saini wala askari hata mmoja. Isitoshe, Borodin hakujua Kichina.

Ni kweli kwamba nyuma yake ilikuwako Moscow. Mwezi Oktoba 1924 meli ya Vorovsky ilitia nanga ikiwa na bunduki zipatazo 8,000, na fedha za Kirusi zilikiendesha Chuo cha Kijeshi cha Whampoa, kilichofunguliwa mwaka huo chini ya Chiang Kai-shek. Hata hivyo mfadhili anaweza kuogopwa tu, bila kusikilizwa.

Borodin alisikilizwa kwa sababu alifanya kazi ambayo wengine waliiona ya kuchosha. Aliandika rasimu. Katiba mpya ya chama aliiandaa kwa Kiingereza, na Liao Zhongkai, aliyezaliwa San Francisco, akaitafsiri kwa Kichina. Sun, aliyesoma Hawaii, aliweza kuzungumza naye bila mkalimani. Hivyo Kiingereza cha darasani Chicago kikawa lugha ya mapinduzi ya China. Mkutano mkuu wa kwanza wa Kuomintang ulipokutana Januari 1924, wajumbe walijadili karatasi ambazo mkono wake ulikuwa umezipitia, lakini waliozisoma na kuzipitisha walikuwa Wachina wenyewe.

Alijua pia kushindwa bila kununa. Novemba 1923, majeshi ya Chen Jiongming yalipoukaribia mji, alipendekeza wakulima wagawiwe ardhi na wafanyakazi watungiwe sheria ya kuwalinda, ili umma uwe na kitu cha kupigania. Sun alisita, kwani miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo wenye mali. Hatari ilipopita, amri hizo hazikutolewa. Borodin hakuligeuza jambo hilo kuwa ugomvi. Alirudi kwenye kazi ya katiba.

Sun alifariki Machi 12, 1925, na Liao akauawa kwa risasi Agosti 20 mwaka huohuo. Mshauri alikuwa amepoteza watu wawili ambao kupitia kwao maneno yake yaligeuka kuwa maamuzi. Wakubwa waliendelea kumwendea nyumbani kwake, lakini sasa kila mmoja alikwenda na hesabu zake.

Machi 20, 1926, Borodin akiwa safarini kaskazini, Chiang aliwakamata wakomunisti kadhaa na kuzizingira nyumba za washauri wa Kirusi. Aliporudi, Borodin alichagua kupatana. Alikubali wakomunisti wasizidi theluthi moja katika kamati za chama na wasiongoze idara zake, naye akaunga mkono vita vya Chiang vya kwenda kaskazini. Pengine hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa bunduki zilizoletwa na serikali yake zilikuwa mikononi mwa Chiang.

Serikali ilihamia Wuhan, naye akaifuata. Aprili 1927 Chiang aliwashambulia wakomunisti mjini Shanghai, na siku chache baadaye mauaji yakafika Guangzhou. Viongozi wa Wuhan nao walipogeuka, Borodin aliondoka mwezi Julai, akalivuka jangwa la Gobi kwa gari.

Moscow haikumpa tena kazi ya uzito huo. Kwa miaka mingi alihariri gazeti la Kiingereza la Moscow News, hadi alipokamatwa mwaka 1949. Alifariki kizuizini Yakutsk, Siberia, Mei 29, 1951.

Wakati huo Chiang alikuwa akitawala Taiwan. Ho Chi Minh, aliyefanya kazi na ujumbe wa Kirusi mjini Guangzhou tangu mwishoni mwa 1924, alikuwa akipigana na Wafaransa nchini Vietnam. Na aliyekuwa mkuu wa idara ya siasa huko Whampoa, Zhou Enlai, alikuwa waziri mkuu wa China. Juni 1965 alipokewa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere.