Abu Bakr al-Siddiq: Kalamu Katika Nchi ya Miwa

Mua ni kitu cha kawaida kwetu sisi watu wa pwani. Humenywa, hukatwa vipande na kutafunwa njiani, na sukari yake haikosekani katika chai ya asubuhi wala katika futari. Lakini mwalimu anayetaka kuwafunza watoto habari za ulimwengu anaweza kuanza na neno hilo hilo moja. Jina la sukari tumelipata kwa Waarabu, nao walilipokea kwa Waajemi, na asili yake ni Bara Hindi, ambako watu walijua tangu zamani kuyachemsha maji ya miwa mpaka yakaganda. Waarabu wakaupeleka mua Misri na Andalusia. Mnamo mwaka wa 1493 Columbus akauvusha bahari mpaka visiwa vya Karibi, na tangu hapo utamu huo ukawa uchungu kwa mamilioni ya Waafrika.

Mmoja wao alikuwa Mwislamu, mwana wa wanachuoni, jina lake Abu Bakr al-Siddiq.

Alizaliwa Timbuktu karibu na mwaka wa 1790, akalelewa mji wa Jenne, katika nchi iitwayo Mali siku hizi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mjuzi wa tafsiri ya Qurani, naye alifariki safarini katika mji wa Bouna, mtoto akiwa bado mdogo. Abu Bakr alipokua kidogo alifuatana na mwalimu wake kwenda kulizuru kaburi la marehemu, akabaki Bouna akiendelea na masomo. Ndipo vita vilipoingia. Mji ulitekwa na jeshi la mfalme wa Bondoukou, na kijana akavuliwa nguo, akafungwa kamba, akapelekwa pwani na kuuzwa kwa watu wa merikebu ya Kiingereza. Ilikuwa yapata mwaka wa 1805. Chuo chake kilikatika akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi.

Baada ya miezi mitatu baharini alishushwa Jamaika. Kisiwa hicho Waingereza walikuwa wamewanyang'anya Wahispania mwaka wa 1655, wakakigeuza kuwa shamba la miwa. Mua ukishakatwa haungoji. Maji yake huchacha upesi. Kwa hiyo wakati wa mavuno kinu kilisaga usiku na mchana, na watumwa waliolemewa na usingizi walinaswa vidole kati ya magogo ya kinu. Shoka iliwekwa karibu ili mkono ukatwe kabla mwili mzima haujavutwa ndani. Waliokufa walikuwa wengi kuliko waliozaliwa, na pengo likazibwa kwa merikebu nyingine kutoka Afrika, mpaka Uingereza ilipoipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 1807.

Abu Bakr alibatizwa akaitwa Edward. Nchi, ukoo na jina vilimtoka, lakini khati aliyofundishwa chuoni haikumtoka. Mwaka wa 1823 aliingia mikononi mwa Alexander Anderson, naye akampa kazi ya kuweka hesabu za ghala. Hakuna aliyemfunza kuandika Kiingereza. Basi akayaandika maneno ya Kiingereza kwa herufi za Kiarabu, kama vile wazee wetu walivyokiandika Kiswahili katika barua na tenzi zao.

Sheria ya kufuta utumwa ilipoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, watumwa hawakuwa huru mara moja. Walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao kwa miaka mingine kadha. Hakimu mmoja wa serikali, Richard Robert Madden, daktari wa Kiayalandi aliyewahi kutembea Misri, alimwona Abu Bakr akitia sahihi jina lake kwa Kiarabu. Akastaajabu, akamwuliza habari zake, kisha akamwombea kwa Anderson. Mwenyewe hakutaka kumwacha mtu muhimu namna ile kwa hesabu zake, lakini mwishowe alikubali.

Mwaka huo huo Abu Bakr aliandika maisha yake kwa Kiarabu. Aliandikiana pia na Muhammad Kaba Saghanughu, Mwislamu mwingine aliyekuwa utumwani kisiwani humo. Mzee Kaba aliwahi kupokea waraka kutoka Afrika wenye nasaha za dini, lakini mkewe aliuharibu kwa hofu wakati wa maasi ya mwaka wa 1831.

Abu Bakr alikwenda London, na habari zake zikachapishwa mwaka wa 1836 katika jarida la chama cha wanajiografia wa Uingereza. Wakati huo yeye alikuwa amekwisha shika njia ya kurudi kwao pamoja na msafiri John Davidson, kupitia Moroko. Davidson aliuawa jangwani Desemba 1836. Habari zilizofika Moroko baadaye zilisema kwamba Abu Bakr alifika Jenne.

Wazazi na walimu, mtoto atakapokuja na kipande cha mua mkononi, msimulieni kisa hiki. Kisha mpeni kalamu aandike neno sukari, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu pia. Abu Bakr alinyang'anywa kila kitu isipokuwa kile alichojifunza akiwa na umri kama wake.