Muunda Nyambizi Aliyeanzisha Kombe la Gofu

Ndugu askari mlio lindoni Kinindo na kwingineko Bujumbura, leo twawaletea habari za marehemu John Jay Hopkins. Alizaliwa California, Marekani, mwaka 1893, akasomea sheria, hatimaye akaliongoza shirika la General Dynamics. Shirika hilo ndilo lililounda Nautilus, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu za atomu, iliyoshushwa majini mwaka 1954.

Mfanyabiashara huyo wa silaha aliamini kwamba gofu yaweza kuyapatanisha mataifa. Twakiri kuwa imani hiyo ilitushangaza, lakini hatumdhanii unafiki, kwani aliigharimia. Mwaka 1953 alianzisha huko Montreal Kombe la Kanada, lililoitwa Kombe la Dunia kuanzia 1967. Kila nchi iliwakilishwa na wachezaji wawili. Mapigo yao yalijumlishwa, na wenye machache ndio waliokuwa washindi. Zilishindana timu 7, Argentina ikatwaa kombe.

Hopkins alifariki Mei 1957. Oktoba mwaka huo kombe lilichezwa Japani, nchi iliyosalimu amri miaka 12 tu kabla. Torakichi Nakamura na Koichi Ono, ambao wachache waliwatazamia, wakawashinda Wamarekani, Sam Snead akiwamo, na Japani nzima ikashikwa na homa ya gofu. Mwanzilishi hakuuona mchezo huo.