Mwalimu Christa McAuliffe

Sisi tuliopata kusimama Newala penye Shimo la Mungu, tukitazama bonde la Ruvuma mbali chini yetu, tunajua kwamba uzuri na hofu huweza kukaa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa waliokwenda kumuaga Christa McAuliffe.

Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1948. Alikuwa mwalimu mjini Concord, mama wa watoto wawili. Mwaka 1985 alichaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 ili akafundishe kutoka angani.

Tarehe 28 Januari 1986, asubuhi ya baridi kali, chombo Challenger kiliruka kutoka Florida. Wazazi wake walikuwapo. Wanafunzi wake walitazama katika televisheni shuleni. Baada ya sekunde 73 kilivunjika, na wote saba waliokuwamo wakafa. Mpira wa kuzibia maungio ya roketi haukufanya kazi kwa sababu ya baridi. Usiku uliotangulia wahandisi walionya, wasisikilizwe.

Mwenzake, Mwalimu Barbara Morgan, alifika angani mwaka 2007, akazungumza na watoto kutoka huko. Nasi tukumbuke: anayeonya asikilizwe kabla safari haijaanza.