Amy Johnson, Binti Aliyeruka Hata Australia

Amy Johnson alizaliwa mwaka wa 1903 katika mji wa Hull, bandari ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya samaki. Alipokwisha masomo yake katika Chuo Kikuu cha Sheffield alikwenda London, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mwanasheria. Huko akajifunza kurusha eropleni. Tena akajifunza kuufungua mtambo wake na kuutengeneza, kazi ambayo siku zile ilihesabiwa kuwa ya wanaume tu. Mwaka wa 1929 alipata hati ya urubani na hati ya ufundi.

Kisha akakusudia kuruka peke yake mpaka Australia, mwendo wa maili 11,000. Mwaka wa 1928 Bert Hinkler alikwenda safari hiyo kwa siku 15 na nusu, naye Amy alitaka kumpita. Walakini safari ndefu aliyopata kwenda peke yake ilikuwa toka London mpaka kwao Hull, isiyofika maili 200. Eropleni yake, aliyoinunua kwa msaada wa baba yake na wa tajiri mmoja, ilikuwa kuukuu, yenye mtambo mmoja, na kiti cha rubani kilikuwa wazi kwa upepo na mvua. Akaiita Jason.

Tarehe 5 Mei 1930 aliondoka Croydon. Akapita Vienna, Istanbul na Aleppo. Jangwani, kabla ya kufika Baghdad, tufani ya mchanga ilimshusha chini; akayazuia magurudumu kwa mizigo yake, akangoja hata upepo ukatulia. Siku ya sita akafika Karachi, naye amekwisha kumpita Hinkler kwa siku 2.

Lakini mbele yake zilikuwako mvua kubwa. Karibu na Rangoon hakukiona kiwanja cha eropleni, akatua katika uwanja wa michezo wa shule ya ufundi. Eropleni ikatumbukia mtaroni, ikavunjika bawa, magurudumu na rafadha. Mafundi wakamsaidia kuitengeneza, lakini siku zile alizozipata zikapotea. Amy alijua ya kuwa hawezi tena kumshinda Hinkler. Hata hivyo hakurudi nyuma. Akapita Bangkok, Singapore na Java mpaka Timor. Toka hapo akavuka bahari ya maili zipatazo 500, na kama mtambo ungalizimika hapakuwa na pa kutua. Tarehe 24 Mei akashuka Darwin, baada ya siku 19 na nusu. Hakuna mwanamke aliyepata kufanya hivyo peke yake kabla yake.

Mwaka wa 1932 aliruka toka Uingereza mpaka Cape Town kwa muda wa siku 4 na saa 7 hivi, akamshinda mume wake mwenyewe, Jim Mollison.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akipeleka eropleni toka kiwanja hata kiwanja. Tarehe 5 Januari 1941 aliondoka Blackpool kwenda karibu na Oxford, safari isiyofika maili 200. Mawingu yakafunika nchi, akapotea njia, akaanguka penye mlango wa mto Thames. Nahodha wa manowari mmoja akajitupa majini amwokoe, naye akafa. Maiti ya Amy haikuonekana.

Mwaka wa 2018 eropleni za abiria zilianza kuruka toka London mpaka Perth, Australia, bila kutua, kwa muda wa saa 17 hivi. Abiria hulala usingizi katika safari ambayo Amy aliikwenda peke yake, akizihesabu siku.