Bruda Laurent, Mpishi wa Monasteri

Mwaka 1614 hivi, katika kijiji cha Hériménil, karibu na mji wa Lunéville, alizaliwa mtoto jina lake Nicolas Herman. Kijiji hicho kilikuwa katika nchi ya Lorraine, ambayo siku hizi ni sehemu ya Ufaransa, bali zamani zile ilikuwa na mtawala wake. Wazazi wake walikuwa watu wema, naye hakupata elimu kubwa.

Alipokuwa na umri wa miaka 18, siku moja ya baridi aliutazama mti. Yafaa mjue, wasomaji wapenzi, ya kuwa huko Ulaya wakati wa baridi miti mingi hupukutisha majani yake yote, ikabaki matawi matupu, hata mgeni angedhani imekufa. Nicolas akawaza moyoni kwamba baada ya muda mti ule ule utachipua majani, kisha maua, kisha matunda. Hapo akatambua uwezo wa Mungu na jinsi anavyovitunza viumbe vyake, wala wazo hilo halikumtoka tena.

Lakini msidhani ya kuwa alipata utulivu siku ile ile. Akawa askari katika vita vya miaka 30, vilivyoiharibu Ulaya tangu mwaka 1618 hata 1648. Wajerumani wakamkamata, wakamdhania kuwa mpelelezi, wakataka kumnyonga. Akawajibu bila kutetemeka, wakamwacha. Baadaye Waswidi wakaushambulia mji mdogo wa Rambervillers, naye akajeruhiwa. Vita vikamshinda, akaenda kuwa mtumishi katika nyumba ya mkubwa mmoja wa hazina ya mfalme. Huko nako alikuwa mzito wa mikono, akivunja kila alichokishika; yeye mwenyewe alilisimulia jambo hilo bila haya.

Mwaka 1640 akaingia katika monasteri ya Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Bruda Laurent wa Ufufuko. Wakamtia jikoni. Kumbe, kwa tabia yake aliichukia sana kazi ya jiko! Hata hivyo alikaa humo miaka 15 hivi.

Tena shida yake kubwa haikuwa sufuria wala moshi, ilikuwa hofu. Kwa muda wa miaka minne alisadiki kabisa ya kuwa atapotea milele, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kumwondolea wazo hilo. Mateso ya roho yake yakadumu miaka 10 hivi. Huku watu wanangoja chakula, na chakula kikapikwa. Mwishowe akakata shauri: litakalompata baada ya kufa na limpate, lakini siku zote atakazoishi duniani atatenda kila jambo kwa kumpenda Mungu. Akaacha kujipimapima. Ndipo amani ilipomwingia, wala haikumwacha.

Mazoea yake yalikuwa madogo mno. Kabla ya kuanza kazi alimwomba Mungu msaada kwa maneno machache. Katikati ya kazi alisema naye tena, kama mtu asemavyo na rafiki aliye karibu. Kazi ikiisha, alijiuliza aliifanyaje. Ikiwa vyema, alishukuru. Ikiwa vibaya, aliomba msamaha, akaendelea na kazi bila kujisumbua. Mawazo yake yakitangatanga, aliyarudisha polepole, bila kujigombeza. Yeyote aliyepika bugali ya karamu ajua ilivyo watu wanapoita huku na huku kwa pamoja. Bruda Laurent katika makelele hayo alikuwa mtulivu sawasawa na alivyokuwa kanisani. Aligeuza mayai katika kikaango kwa ajili ya Mungu. Mimi napenda zaidi jambo la unyasi: hata kuinama na kuokota unyasi mmoja chini, alikufanya kwa mapendo.

Mara moja alitumwa Burgundy kununua divai. Hakujua biashara, na mguu wake ulikuwa mbovu, hata katika mashua hakuweza kupita ila kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Akamwambia Mungu kwamba shughuli ile ni yake, akaenda. Divai ikapatikana.

Mguu ulipozidi kumtesa, wakampa kazi ya kushona viatu vya wenzake, lakini mara kwa mara alirudi kusaidia katika jiko lile alilolichukia zamani. Fénelon, mtaalamu ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Cambrai, alimtembelea alipokuwa mgonjwa sana, akamkuta mchangamfu. Bruda Laurent akafa tarehe 12 Februari 1691.

Padri Joseph de Beaufort, aliyezoea kuzungumza naye, akakusanya barua na mafundisho yake. Yakapigwa chapa mwaka 1692 na 1694. Hata leo yanasomwa, na Wakatoliki na Waprotestanti.