Dian Fossey: mama wa ngagi aliyeanzia kazi Kongo

Watu wengi wakisikia jina la Dian Fossey wanafikiri mara moja Rwanda. Huko ndiko alikozikwa na ndiko watalii wanakokwenda kuona kaburi lake. Lakini kazi yake haikuanzia Rwanda. Ilianzia hapa Kongo, Kivu ya Kaskazini, chini ya mlima Mikeno. Na leo jina lake linatajwa pia katika misitu ya Walikale, pahali ambapo yeye hakufanya kazi.

Dian alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Mwanzoni hakusomea mambo ya wanyama wa pori. Alikuwa akifanya kazi hospitalini Louisville, kusaidia watoto wenye ulemavu wajifunze tena kutumia mikono na miguu. Mwaka wa 1963 alikopa pesa akaja kutembea Afrika. Huko Olduvai, Tanzania, alikutana na mtafiti Louis Leakey, akateleza katika shimo la uchimbaji na mguu ukateguka. Hata hivyo hakurudi nyuma. Muda mfupi baadaye alipanda Mikeno na ule mguu unaouma, akaona ngagi kwa mara ya kwanza.

Miaka mitatu ikapita, Leakey akamchagua aje kuwachunguza ngagi kwa muda mrefu. Alimwambia kwanza aende kuondolewa kidole tumbo, juu ya kule mlimani hakuna daktari. Dian akapasuliwa kweli. Kumbe mzee alikuwa anampima tu kama ana nia!

Mwanzo wa 1967 alifungua kambi yake Kabara, pale alipozikwa Carl Akeley, Mmarekani aliyepigania mbuga ya kwanza ya Afrika, ile iliyoanzishwa mwaka wa 1925 na leo inaitwa Virunga. Dian alifika na hema na vitabu, lakini pori hakulijua. Aliyemfundisha kufuata nyayo ni Mkongomani, Sanwekwe, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiongoza watafiti katika milima ile. Bila mtu kama huyo, mgeni angeweza kuzunguka wiki nzima akiona kinyesi tu na majani yaliyolaliwa.

Basi mama huyo akajifunza tabia ya kukaa na ngagi. Hakuwafukuzia. Alikaa chini, akajikuna, akatafuna majani ya pori kama wao, akaiga mlio wanaoutoa wakiwa wameshiba. Aliwatambua mmoja mmoja kwa mikunjo ya pua, sawa vile mtu anavyotambua ng'ombe zake kwa mabaka.

Kazi ya Kabara ilikatika haraka. Julai 1967 mamluki waliasi mashariki mwa Kongo, hali ikachafuka. Askari walipanda mlimani wakamteremsha, akashikiliwa Rumangabo kwa wiki kama mbili. Alifanya ujanja wa kusema lazima aende Kisoro kwa ajili ya karatasi za gari lake, akavuka Bunagana, akabaki Uganda. Tarehe 24 Septemba mwaka huo huo akafungua kambi mpya upande wa Rwanda, kati ya milima Karisimbi na Visoke. Akaunganisha majina hayo mawili, ikawa Karisoke.

Mwaka wa 1970 dume mmoja aliyeitwa Peanuts alinyoosha mkono akagusa mkono wa Dian, kisha akaenda zake. Wakati ule wazungu wengi walikuwa bado wanaamini ngagi ni mnyama mkali wa kuua watu.

Aliyempenda kuliko wote ni Digit, aliyepewa jina hilo juu ya kidole chake kilichoharibika. Alimjua tangu akiwa mdogo. Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji walimuua kwa mikuki. Digit alipigana nao hadi jamaa yake yote ikapata nafasi ya kukimbia. Walimkata kichwa na mikono. Dian alimzika karibu na nyumba yake, akaanzisha mfuko wa pesa kwa jina lake ili kulipa watu wa kulinda ngagi.

Tangu pale alikuwa mkali zaidi. Alikata mitego, alikamata ng'ombe za wafugaji walioingia mbugani, alivaa vinyago ili kuwatisha wawindaji. Kuna waliomsifu, na kuna wenyeji waliomchukia, waliosema mzungu huyu anajali mnyama kuliko mtu mwenye njaa. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Desemba 1985 aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu Mmarekani mmoja akiwa hayupo, lakini wengi hawakuridhika, na mjadala haujaisha. Dian alizikwa kando ya Digit.

Mwaka wa 1981 ngagi wa milima ya Virunga walihesabiwa 254 tu. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604.

Ngagi wa Walikale ni wa aina nyingine, wakubwa zaidi, na hawapatikani nchi yoyote isipokuwa Kongo. Vita, mitego na machimbo vimewapunguza sana. Tangu mwaka wa 2012, ule mfuko alioanzisha Dian, ambao sasa unabeba jina lake, unafanya kazi Nkuba, katika teritware ya Walikale. Lakini njia yake si ile ya vinyago. Msitu ule ni wa wenyeji wenyewe. Wenye ardhi wamekubaliana kuulinda, na vijana wa vijiji, wakiwemo waliokuwa wawindaji, wanalipwa kufuata nyayo za ngagi na kuondoa mitego. Wanafanya kazi ile ile Sanwekwe aliyoifanya Kabara, ila sasa wanaifanya katika msitu wa babu zao.